Popoo Mbele ya Maiti

Mwalimu Perpetua alikuwa na miaka saba askari walipomuulia mama yake mtoni. Tangu vita viishe anamwandikia mama huyo mashairi, na anatufundisha maigizo sisi tulioacha shule ya msingi. Mwaka huu alitunga mchezo wa siku ile yenyewe. Mimi, ninayeona haya hata kusalimia, akanipa nafasi ya mama.

"Huna maneno mengi, Ludwina. Unafua, unapigwa risasi, unaanguka."

Siku ya mchezo watu wa Buin, mji wetu, walijaa uwanja wa kanisa. Nikafua, nikaanguka. Nilitakiwa kulala mpaka wimbo uishe. Mara nikaona miguu mitupu karibu na uso wangu. Mzee Blasius wa ng'ambo ya mto akaweka popoo, kokwa yetu ya kutafuna, mbele yangu, akapiga magoti, akalia.

Nilidhani Mwalimu amebadilisha mchezo bila kuniambia, maana ndivyo alivyo. Nikaketi, nikaimenya popoo kwa meno, nikatafuna.

"We maiti, unatafuna nini?" Mjomba wangu Kasimir akapiga kelele. "Unajua umekubali nini?"

Hapo nikagutuka. Kwetu, aliyeua huweka popoo mbele ya mfiwa; ikitafunwa, suluhu imeanza. Kumbe Blasius alikuwa mmoja wa askari wale! Miaka yote Mwalimu hakumjua aliyemuua mama yake, na leo nimempokea mimi.

"Imeshatafunwa!" wakasema jamaa zake Blasius. "Na mama mwenyewe!"

"Mama gani?" Mjomba akawajibu. "Huyu Ludwina, anaogopa hata kuku!"

Mwalimu akapanda jukwaani. Nilitaka kutema, nikaogopa; kutema nako ni jibu.

"Umekaa na mama yangu miezi mitatu ya mazoezi," akaniambia polepole. "Ameichukua yeye, au wewe?"

"Sijui, Mwalimu."

Kweli sikujua. Pale chini nilikuwa nahisi baridi ya mto.

Akamgeukia mzee. "Unayo nyingine?"

"Ipo, Mwalimu. Moja."

"Iweke kwangu. Mimi ndiye niliyebaki."

Mzee akaiweka. Mwalimu hakuichukua, wala hakuisukuma. Aliketi mbele ya popoo akiitazama, kisha akatuambia tuendelee na wimbo pale ulipokatika.

Tukaimba. Wengine walikuwa wanalia, wengine wanacheka, na mimi sikujua nilale tena au nisimame.