Kamari ya Sabuni

Mwaka wa themanini na tatu sabuni iliadimika Tanga nzima, watu wakawa wanafulia majani ya mpapai. Ndipo Tuhfa, muuza vitumbua wa Ngamiani, alipozusha kamari ya mpira: kila mtu anaweka kipande chake cha mwisho cha sabuni, na atakayebashiri matokeo sawasawa anaondoka na vyote. Sheria ilitaka leseni. Tuhfa hakuwa nayo.

Trafiki mmoja, afande Anold, akamkamata na kuvibeba vipande vyote kuwa vielelezo.

Mahakamani hakimu akauliza, "Vielelezo viko wapi?"

"Vimepotea, mheshimiwa."

Tuhfa akainua macho. Mashati yote mle ndani yalikuwa rangi ya chai, la hakimu likiwemo. La afande lilikuwa jeupe pe, linanukia hadi dirishani. Kicheko kikampanda Tuhfa, akajiziba mdomo kwa kanga. Waliokaa nyuma yake hawakujiziba.

Hakimu naye akanusa, kisha akaifuta kesi.

"Nenda ukakate leseni, Bi Tuhfa," alisema kwa ukali. Halafu akainama, akashusha sauti. "Ukishaipata, usinisahau. Ukosi wa shati langu unauona."