Kosa la Kupenda kwa Kushuka

Katika nchi ya Kweajuu, iliyojengwa ubavuni mwa mlima wenye mteremko mkali hata mbuzi wake walizaliwa miguu ya upande mmoja ikiwa mifupi, mapenzi yalikuwa ngazi. Kijana alianza daraja ya chini kwa kupenda uso. Akikomaa alitakiwa auache uso apende tabia, tabia aiache apende elimu, na elimu nayo aiache, apae hata kilele cha Jamali unakokaa Uzuri wenyewe, usio na pua wala jina. Kila apandaye alisukutua maji ya chumvi hadharani, asilitamke tena jina la aliyemwacha. Walioachwa, wakizeeka au wakiugua, walitelemshwa bonde la Achwani, na ilikuwa haramu kuwatazama. Maana mkwezi, walisema, hapigi soga na shina.

Shauku alikuwa amebakiza daraja moja aliposikia kwamba Tunu, mkewe aliyemwacha kwenye daraja ya nyuso, ameshikwa na ukoma. Akageuka. Akakamatwa njiani, akafikishwa mbele ya Kadhi Ghururi kwa kosa la kupenda kwa kushuka. Hakuogopa adhabu, aliogopa kesi itarefuka na Tunu asingoje.

"Ewe Shauku," akasema Kadhi, "kupenda ni kukitamani ulichopungukiwa nacho. Mkoma yule ana nini usicho nacho?"

"Hana kitu, Mtukufu Kadhi."

"Basi wamfuatia nini?"

"Mimi ndimi niliye na kitu. Nina vidole. Vyake vimekwisha, na uji haujinyweshi."

Baraza likaangua kicheko. "Maskini wee! Kilele amekiuza kwa kata ya uji!" akadakia mmoja wa wazee.

"Nanyi mliokaribia Jamali," akauliza Shauku, "huo Uzuri umewahi kumjulia nani hali?"

Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana, kila mmoja akitumaini jirani yake atajibu. Kadhi, aliyeumaliza ujana wake mlangoni pa kilele akibisha bila kufunguliwa, akainamisha uso. Kisha, kwa kuwa aibu ya mkubwa hulipwa na mdogo, akahukumu: na ashuke, asipande tena milele.

Shauku akateremka mbio. Akamkuta Tunu mkekani, macho yamekwisha kupofuka.

"Nani huyo anayehema kama punda wa chokaa?"

"Ni mimi, Shauku."

Tunu akaigeukia sauti. "Umeanguka au umeshuka?"

"Nimeshuka."

"Umechelewa, mwana wa watu. Haya, nipe huo uji. Wala usinililie ndani yake, maji yanatosha."

Alimlisha hata mvua za mwisho, akamzika kwa mikono yake. Mapenzi yale yaliyochelewa hayakumponya Tunu, wala mlimani haikuandikwa sheria mpya. Siku ya maziko zilisikika ngoma huko juu, watu wakimshangilia mmoja aliyepanda daraja.

Shauku aliporudi kutoka kaburini, mgonjwa wa mkeka wa pili, aliyekuwa akimtukana tangu alipofika, akamtemea mate.

"Mkeo amekufa. Kwangu wafuata nini, mpumbavu wewe?"

Shauku hakumpenda mtu yule. Hata jina lake hakuwahi kuliuliza. Akapangusa mate shavuni, akaketi, akakoroga uji, akaupuliza.

"Fungua kinywa, ndugu yangu."