Eugenia Ampigia Mheshimiwa

Eugenia Kantengwa alirudi likizo Nyabiyonza kwa kaka yake Methodius akiwa amebeba zawadi za kila mtu, na hasira ya kwake mwenyewe. Hasira hiyo ilikuwa ya Marekani. Aliuguza wagonjwa huko kwa muda mrefu mpaka akala kiapo cha uraia, na tangu hapo hakukosa uchaguzi hata mmoja. Hata ule wa bodi ya shule alipiga kura, naye hana mtoto wa kusomesha.

Kila asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, alikuwa uani na simu yake anagombana nayo.

"Umeona, wifi? Bajeti ya silaha imepita hivi, kama mtu anayemeza uji! Ya chakula cha watoto shuleni wanaijadili mpaka watoto wanamaliza shule!"

Sperancia, mke wa Methodius, alikuwa akigeuza kahawa kwenye turubai. "Pole, wifi."

"Na hao waandishi wa habari! Kituo hiki kinasema nchi inaungua. Unahamia kile, unaambiwa ni jua linachomoza. Cha tatu wanajadili tai ya waziri, nusu saa nzima, tai!"

"Ilikuwa ya rangi gani?"

Eugenia akafikiri. "Kijani," akasema, na akajikuta anacheka bila kupenda.

Sperancia alimpenda sana wifi yake, ila kwa siku kadhaa zile alikuwa anatamani kuanika kahawa kwa amani. Kwa hiyo Jovitus, mtangazaji wa redio ndogo pale Kayanga, alipokuja kumwomba Eugenia azungumze redioni kuhusu presha, Sperancia ndiye aliyejibu. "Atakuja. Kesho hiyo hiyo."

Basi kesho yake, saa kumi alasiri, Eugenia akaketi studio amejifunga kitenge kipya, kipimo cha presha mezani. Alianza vizuri kabisa. Alieleza chumvi, alieleza mafuta, alieleza faida ya kutembea. Jovitus, kwa nia njema tu ya kumchangamsha mgeni, akauliza, "Mama, kule Marekani watu wa presha si wanatibiwa bure?"

Ungedhani amefungua bomba.

"Bure? Nani kakwambia bure? Mimi nimeona mtu anashuka kwenye gari la wagonjwa, mguu umevunjika, anachechemea, anaogopa bili! Nchi yenye pesa za kutengeneza ndege isiyoonekana! Ndege haionekani, na pesa zenyewe hazionekani! Ukiuliza, unaambiwa wewe ni mtu wa mrengo wa kushoto. Ndiyo, ni wa kushoto! Kwani moyo uko upande gani?"

Jovitus alicheka mpaka akasahau kuweka wimbo. Kwa kumtania akasema, "Mama, hebu tupime na yako." Wakapima hewani. Eugenia akaangalia namba, akaangalia dari.

"Wasikilizaji," akasema kwa unyenyekevu, "msifanye ninavyofanya mimi."

Simu zikaanza kumiminika. Wa kwanza alikuwa Mzee Cleophace wa Nyaishozi.

"Shikamoo mzee," Eugenia akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nauliza. Huyo mbunge wako huko, ukimwona barabarani unaweza kumsimamisha?"

"Haonekani barabarani, baba. Anaonekana kwenye televisheni."

"Basi huyo hana kibanja, hana hata mgomba wa kumrudisha kwao," akahitimisha mzee, akakata.

Akafuata Salvina, mama wa Nyakasimbi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. "Dada Eugenia, nimekusikiliza. Una uchungu wa kweli. Lakini hayo yote unatuambia sisi. Huyo mbunge mwenyewe umemwambia?"

"Nimeandika barua. Nimesimama kwenye theluji na bango, tulikuwa watu wanne na mbwa. Nimepiga simu ofisini kwake mpaka vidole vimechoka. Inapokea mashine."

"Kwao sasa hivi saa ngapi?"

Eugenia akatazama saa. "Asubuhi. Ndiyo wanafungua ofisi."

"Basi si umpigie! Jovitus, mpe simu. Tunasubiri."

Jovitus akamtazama Eugenia. Eugenia akamtazama Jovitus. Akabonyeza namba ambayo hakuhitaji kuitafuta, akaweka sauti ya juu, akaisogeza simu kwenye maikrofoni. Ikaita. Ikaita tena. Halafu mtu akapokea. Mtu kabisa, mwanamke, puani kumejaa mafua.

"Amepokea binadamu!" Eugenia alinong'ona kwa Kiswahili, na Karagwe nzima ikasikia mnong'ono huo.

Kwa Kiingereza akajitambulisha: mpiga kura wa jimbo hilo, mtaa wake, namba yake ya posta. Akaeleza kuwa yuko Karagwe, Tanzania, redioni, na wasikilizaji wanasikia, kama dada hana pingamizi. Yule dada akasema hana, kisha akapiga chafya kubwa sana.

Sasa Eugenia akasema. Alisema mambo ya bili za hospitali, mambo ya silaha na chakula cha watoto, na kila sentensi akaitafsiri papo hapo, maana Salvina hakukubali kukata simu na alikuwa anadai, "Amesemaje? Amesemaje?" Ajabu ni kwamba hakufoka. Hasira aliyoitunza kwa miaka ilitoka imenyooka, maneno yamekaa sawa, na kila alipotafsiri aliona mwenyewe kuwa ana hoja.

Kwa yule dada zilisikika sauti za makaratasi tu mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo Eugenia alishindwa kulitafsiri mara moja.

"Amesemaje?" akauliza Salvina.

"Anasema... anasema nimeandika yote, nitamfikishia. Halafu anasema, leo wewe ndiye wa kwanza ambaye hajanitukana."

Salvina akadakia.

"Maskini! Na mafua hayo! Mwambie achemshe tangawizi na ndimu, aweke asali, ajifunike shuka. Mwambie!"

Eugenia akamwambia. Yule dada akacheka kicheko cha mtu aliyezibwa pua, akauliza tangawizi kiasi gani. Salvina akaeleza kwa kidole, kidole ambacho hakuna aliyekiona, na Eugenia akakitafsiri hivyo hivyo. Mwishowe dada wa Marekani akaomba afundishwe kusema asante kwa lugha ya wenyeji wa Karagwe. Akafundishwa. "Wakola," akasema kwa shida, na Jovitus akapiga meza kwa furaha mpaka kipimo kikaanguka.

Eugenia alipotoka nje miguu haikugusa chini. Hakujua kama Mheshimiwa angebadilisha kura yake. Kwa kumjua, pengine asingebadilisha. Lakini alikuwa amesikilizwa na mtu mwenye mafua, mtu wa kweli, na hilo lilimpanda kichwani kuliko rubisi, pombe ya ndizi.

Egbert wa bodaboda alikuwa akimngoja, redio ikining'inia shingoni. "Mama, kule Nyaishozi wamesema nisikupitishe bila kusimama."

Na kweli, pale sentani, penye soko, walimzuia. Akina mama waliacha mafungu ya maharage, wakamshusha kwenye pikipiki, wakampandisha juu ya benchi.

"Tueleze hiyo Seneti uliyomtajia yule dada," mmoja akasema. "Jovitus hakutuelewesha."

Eugenia akaomba mkungu wa ndizi. Akaletewa. Akaanza kuzigawa, hizi Bunge, hizi Seneti, na huyu mkubwa hapa juu, Rais. Lakini alipofika kueleza jinsi bajeti inavyopita, mbuzi akanyoosha shingo akala upande mmoja wa Bunge, na kwa kicheko kilichozuka pale, hata yeye hakuweza kuendelea.