Mahali Pasipokalika

Oktoba ya mwaka tisini na tano, redio ilitangaza kwamba wataalamu wamegundua sayari inayoizunguka nyota nyingine, jua la mbali lisilotuhusu. Mimi hufundisha sayansi darasa la saba hapa Chekalini, na habari kama hiyo nilikuwa nimeingoja tangu chuoni. Nikaongeza sauti. Sayari yenyewe ni nzito kuliko dunia zaidi ya mara mia, imelikaribia jua lake hata inalizunguka kwa siku nne tu, na joto lake linaweza kuyeyusha risasi.

"Siku nne ndiyo mwaka?" akauliza mume wangu, Onesmus. "Basi huko mimi ni mzee wa miaka elfu tatu. Shikanga ndiye angeniamkia."

Shikanga ni kaka yake mkubwa, na hakuna mwingine aliyethubutu kumfanyia mzaha.

Nilicheka, lakini habari ile iliniudhi. Miaka yote nilikuwa nikiwafundisha watoto kana kwamba maji na hewa ni vitu vya kawaida, kila sayari ina fungu lake. Sasa hii iliyoonekana ni tanuri. Kumbe hatukuahidiwa mahali pa kukaa. Umbali wetu na jua tumepewa bure, na hakuna awezaye kuuharibu, lakini maji anaweza kuyamaliza mtu mmoja mwenye jembe.

Na mtu huyo nilimjua. Shikanga alikuwa amepanda mikaratusi kuizunguka chemchemi tunayoteka sote, nayo ikanyonya bila huruma. Ndoo iliyokuwa ikijaa mara moja, sasa niliingojea mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimwendea, nikamweleza habari za sayari ile na za chemchemi.

"Shemeji, huko kuna watu?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi achana na hiyo. Na maneno ya miti ni ya wanaume."

Mwaka uliofuata nilileta miche kumi na miwili ya mikuyu, miti inayotunza maji, kutoka Kakamega, niipande pale chemchemini. Lakini kwetu mwanamke hapandi mti. Akipanda, husemwa amemchimbia mumewe kaburi. Mimi na cheti changu ukutani sikuyaamini hayo hata chembe. Ila nilijua nikiipanda kwa mkono wangu Shikanga ataing'oa siku hiyo hiyo, na ukoo mzima utampigia makofi. Nikajiona mjanja. Nikasema Onesmus ndiye apande.

Wiki hiyo Onesmus alikuwa na homa ya kifua.

"Ngoja nipone, mwalimu," akaniambia.

"Mvua haitakungoja," nikamjibu.

Akashuka nami. Nilimshikia mwavuli uliovuja, nikamwonyesha shimo baada ya shimo, naye akapiga magoti kwenye tope, akipanda na kukohoa. Mimi sikugusa mche hata mmoja. Nilihakikisha Zilpah, jirani yetu, anaona.

Siku ya tisa Onesmus alikufa. Daktari alisema ni nimonia.

Tulipomaliza kuzika, wazee wa ukoo walikaa. Shikanga akasimama.

"Mwanamke hapandangi miti," akasema. "Shemeji, ulijua, na ukapanda."

Hasira ilinipanda mpaka machoni. Nikawaambia sikupanda. Kila mche ulipandwa na Onesmus kwa mikono yake, na Zilpah ni shahidi. Nikawaambia na hawataung'oa hata mmoja, maana ni kazi ya marehemu. Zilpah akaitikia kwamba ni kweli. Wazee wakatazamana. Niliona nimewashinda, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Shikanga hakuketi. "Alipanda siku gani?"

"Alhamisi."

"Ile ya mvua kubwa?"

"Ndiyo."

"Na alikuwa ameshaanza kugonjeka?"

"Alikuwa na homa."

"Yeye mwenyewe alitaka?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Alisema tungoje apone."

Shikanga alifuta uso kwa kofia yake. Alikuwa analia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kaburini.

"Sasa, shemeji," akasema, "si ungepanda wewe?"

Hakuwa ananikejeli. Aliniuliza kwa dhati, na wazee wote wakanigeukia wakingoja nimjibu.