Kilichogonga Mtoni Nyansara

Watu wote waliolima kando ya Mto Nyansara, chini ya soko la Ikonge, walikubali ukuta wa zamani wa kinu, uliozuia maji ya mto, ubomolewe. Aliyekataa ni Tryphosa peke yake. Akumu, afisa wa samaki aliyetumwa kusimamia kazi hiyo, alimkuta asubuhi moja ya Novemba ameketi juu ya ukuta wenyewe. Mto ulikuwa umejaa maji ya mvua.

"Madam, keti," Tryphosa alisema. "Usiongee kwanza. Sikiliza."

Akumu aliketi. Chini yao kulikuwa na mlango wa chuma uliowahi kupeleka maji kwenye kinu cha mahindi. Kitu kiligonga mlango huo. Kikanyamaza. Kikagonga tena mara mbili, polepole, kama mtu anayejua kwamba wenye nyumba wako ndani.

"Huyo ni Manasseh, bwanangu. Alikuwa mtu wa kinu. Mvua za El Niño zilipokuja alishuka kufungua huu mlango, maji yakampita juu. Hatukumpata. Tangu hapo, mvua ikinyesha, anagonga."

Akumu alikuwa na jibu. Dakika chache zilizopita alikuwa upande wa chini wa ukuta, akaona samaki waitwao ningu, waliopanda kutoka ziwani kwenda kutaga. Walikuwa wakijirusha kwenye chuma kile, na waliokufa walilala kati ya mawe, midomo imepasuka. Ndio waliomleta hapa. Lakini hakusema. Aliweka kiganja juu ya chuma, na pigo lililofuata likaja pale pale, chini ya kiganja chake. Akautoa mkono haraka.

"Mkibomoa, ataenda wapi?" Tryphosa aliuliza.

"Mama, tutateremsha maji polepole na kutafuta kwenye matope. Kama yuko hapa, tutampata."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Kufikia jioni Akumu alikuwa ameshajuta kuahidi.

Kazi ilianza Januari. Waliondoa jiwe baada ya jiwe, bwawa likashuka kidogo kidogo kwa siku nne. Tryphosa alikuwepo kila siku pamoja na binti yake Gesare, aliyekuwa amefunga duka lake la nguo Mosocho ili akae karibu naye. Siku ya nne matope yalibaki wazi. Ombati, aliyeongoza vibarua, aliwapanga kwa mstari wakatafuta kwa majembe, kisha kwa mikono. Walipata sufuria, gurudumu la kinu, na fuvu la mbwa ambalo Gesare alishindwa kulitazama. Manasseh hakuwepo.

Tryphosa alivua viatu akaingia kwenye matope, akasimama mahali mlango ulipokuwa.

"Miaka ishirini na saba," alisema. "Nimekuwa nikiongea na nani?"

Akumu aliona kwamba kuendelea kunyamaza kungekuwa uongo, basi akamweleza habari za ningu. Tryphosa alisikiliza mpaka mwisho.

"Samaki," alisema tu. Akapanda kwenda nyumbani bila viatu.

Siku mbili baadaye Gesare alipiga simu kusema mama yake hali chakula. Akumu alikwenda. Alimwomba Tryphosa amsimulie Manasseh alivyokuwa.

"Alikuwa mkaidi," Tryphosa alisema. "Alivaa ovaroli ya kinu hata siku ya Sabato, nikamgombeza. Hata siku hiyo ya maji alikuwa nayo. Mguu wa kushoto alikuwa na vidole vinne. Kingine alikikata mwenyewe na jembe."

Akumu aliweka kikombe chini. Kwao, pale mto unapoingia ziwani, kulikuwa na kaburi lisilo na jina nyuma ya ghala. Watu walisema ni la mtu wa milimani aliyeletwa na mafuriko. Utotoni alikuwa akilipita mbio, kwa sababu siku zisizo na upepo aliona nyasi zake zikitikisika. Hakuwahi kumwambia mtu.

Alitoka nje akampigia mama yake, Aketch.

"Mama, yule mtu wa mto. Alikuwa amevaa nini?"

"Ovaroli ya bluu. Kwa nini?"

"Na miguu yake?"

"Marehemu baba yako ndiye aliyemwosha. Alisema mguu mmoja ulipungukiwa kidole. Mimi nilidhani ni samaki waliokila. Akasema hapana, hilo ni kovu la zamani."

Alhamisi Akumu, Tryphosa na Gesare waliteremka hadi ziwani. Tryphosa alipiga magoti kwenye lile kaburi, akatuliza viganja juu ya udongo. Aketch alisimama kando yake.

"Tulitangaza kanisani na kwa chifu," alisema. "Hakuna aliyekuja kuuliza."

"Sisi tulimtafuta kule juu," Tryphosa alijibu. "Tulidhani ukuta umemzuia."

Gesare alitaka mifupa ipelekwe nyumbani, izikwe kwao. Mama yake alitazama jinsi palivyopaliliwa.

"Amekaa kwa hawa watu miaka mingi kuliko aliyokaa na mimi," alisema. "Mwacheni. Mwandikieni jina."

Masika yalipofika, ningu walipita pale ukuta ulipokuwa, wakapanda mpaka kwenye vijito vya mashamba ya majani chai. Wazee wa Ikonge hawakukumbuka kuwaona huko. Watu walishuka na vikapu, Akumu akawasihi wawaache watage kwanza. Wengine walimsikiliza. Jirani mmoja, Gladys, alimpelekea Tryphosa wawili, wameshapikwa.

Akumu alikuwepo sahani ilipowekwa mezani. Tryphosa aliwatazama kwa muda mrefu.

"Hawa wametoka kule," alisema. "Wamepita alipolala. Mimi siwezi."

Gesare, aliyekuwa na njaa, alinawa akala. Alipomaliza, mama yake aliokota miiba yote, mmoja mmoja, akaifunga kwenye jani la mgomba, akatoka nayo kuelekea mtoni.