Kitabu Nilichokimaliza Bila Kukifungua

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa. Naandika nikiwa na buni ya kahawa mdomoni, na safari hii nimeitafuna. Kwa nini nasema "safari hii" utaelewa ukifika mwisho, kama wewe ni mtu wa kufika mwisho wa vitu. Mimi nina matatizo upande huo.

Sisi wasomaji wa Muleba tuko watano. Tunakutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana barazani kwa Ma Alistidia, nesi mstaafu aliyechoma sindano nusu ya wilaya na bado anakutazama kama anayechagua pa kuchoma. Kila mtu anakuja na kitabu anachokisoma. Ma Alistidia anapitisha kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, zile anazopewa mgeni Buhaya yote kabla hata hajaulizwa habari za safari. Unachukua buni, unaitafuna, halafu unasema: nasoma kitabu fulani, nimefika ukurasa fulani, kimenifurahisha hapa, kimeniudhi pale. Wazee wetu walipochanjana kuwa ndugu walitafuna buni pamoja. Kwa hiyo anayetafuna kisha akadanganya amewadanganya ndugu zake, na adhabu yake inapangwa hapohapo. Kwa miaka minne hakuna aliyeadhibiwa. Si kwamba sisi ni wakweli sana. Hakuna aliyekuwa anafuatilia.

Maana tazama tulivyokuwa. Ta Ildefons, katekista mstaafu, alikuwa anasoma maisha ya mtakatifu mmoja tangu kabla ya korona. Kila Jumamosi mtakatifu yuko jangwani palepale, na kila Jumamosi Ta Ildefons "amebarikiwa mno na sura hii". Mzee Uledi, fundi cherehani aliyehamia kwetu kutoka Bukoba mjini, alikuwa na kitabu cha magonjwa, na kila alipomaliza sura aliugua ugonjwa wa sura hiyo. Alipofika kwa wajawazito tulimwomba apumzike kidogo. Ma Alistidia alisoma riwaya za mapenzi alizozifunika kwa karatasi za kalenda ya kanisa, eti zisichafuke. Bi Ashura, mke wa Uledi, hasomi tena. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Yeye husomewa na mumewe, na hasahau neno. Likumbuke hilo. Mimi sikulikumbuka.

Na mimi je? Mimi ni Joackim Kahangwa, mpima kahawa mstaafu, darasa la saba, mengine yote nimejifundisha mwenyewe. Kitabu changu kilikuwa kinene kuliko vyao vyote. Nilipewa kule Rubya na mpwa wa padri mmoja marehemu: kurasa mia nne na kumi na mbili, Kiswahili cha zamani, jalada limeng'oka likaondoka na jina. Nilikipendea jinsi kinavyokaa kwapani. Nikipita nacho sokoni naamkiwa "shikamoo" hata na walionizidi umri. Nilisoma kurasa kumi na sita za mwanzo, zote za shukrani: mwandishi anamshukuru askofu, anawashukuru masista, anamrudia askofu. Kuanzia hapo kurasa zilikuwa zimeshikana ukingoni, na mimi si mtu wa kulazimisha milango.

Tungeendelea hivyo kwa amani mpaka kufa, kama Farida, binti yao Uledi na Bi Ashura, asingetuletea riwaya mpya kwa basi kutoka Bukoba. Riwaya ya upelelezi. Maiti imekutwa bandarini ndani ya gunia la kahawa. Mimi nimepima magunia ya kahawa miaka thelathini na moja, sikujaliwa kukuta hata panya! Nilijua palepale kwamba kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yangu. Nisipokisoma wa kwanza, Ta Ildefons atakisoma yeye, halafu atutajie muuaji katikati ya mahubiri.

Ma Alistidia alikiweka mezani, akaweka na mkono juu yake.

"Atakayekuwa wa kwanza kumaliza kitabu alicho nacho, ndiye anakichukua."

"Na tutajuaje kama amemaliza?" akauliza Uledi.

"Atatusimulia. Huku ametafuna."

Jumamosi iliyofuata niliwahi kuliko mwenye nyumba.

"Nimemaliza," nikasema, wenzangu walipokaa tu.

"Umemaliza nini, chai?" akauliza Ta Ildefons.

"Kitabu, waitu, ndugu zangu. Chote."

Kikapu kikapita. Nikachukua buni, nikaitia mdomoni, nikaisukuma kwa ulimi mpaka shavuni, ikalala salama. Halafu nikasimulia. Jamani, nilisimulia! Malkia wa kisiwa amekataa wachumba tisini. Maskini mmoja anavuka ziwa amekaa juu ya mgomba uliokatwa, anapiga makasia kwa kifuniko cha sufuria. Walinzi wanamtafuta, malkia anamficha ndani ya mtumbwi wa kukamulia lubisi, pombe ya ndizi ikiwa imejaa, anatolewa baada ya siku tatu akiwa mzima, isipokuwa anaimba. Mwishowe malkia anatupa taji ziwani na kwenda kupalilia migomba na mume wake. Ma Alistidia alivua miwani. Bi Ashura alilia, na mtu mwenye macho yale akilia, ujue umesimulia.

Nikapewa riwaya. Nilikuwa naelekea langoni Uledi aliponiita.

"Ta Kahangwa, hicho chako niazime. Nikamsomee mama Farida."

"Kina vumbi, mzee wangu."

"Nitakifuta."

Nilimpa, nikijiambia kwamba atakwama kwa askofu kama nilivyokwama mimi.

Wiki ile nilisoma mpaka migomba yangu ikanisusa. Kufikia Ijumaa walibaki washukiwa wawili, karani wa mizani na mke wa nahodha, na kurasa arobaini. Nikazibakiza makusudi, kama mtu anayemalizia nyama. Nizile Jumamosi jioni, taratibu.

Jumamosi nilimkuta Bi Ashura amekwisha kaa, kitabu changu kinene magotini.

"Njoo karibu, Ta Kahangwa, nikusikie vizuri. Malkia hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

"Jumatatu niliita majirani watatu. Nikakaanga karanga, nikapika kahawa ya tangawizi. Nikawaambia, kaeni msikie watu wanavyopendana. Mume wangu akafungua, kurasa hazifunguki. Hazikuwahi kukatwa tangu zitoke mtamboni! Uledi ni fundi, akaleta mkasi, akakata mpaka ya mwisho. Haya baba, wasomee na hawa."

Uledi akafungua ukurasa wa kumi na saba. "'Nguruwe jike mwenye mimba atandikiwe majani makavu.'"

Ta Ildefons alianza kukohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Ni huo ukurasa tu?" akauliza Ma Alistidia.

"Kitabu kizima! Banda la nguruwe. Minyoo ya nguruwe. Jirani yetu Mama Riyadhi ametoka kuswali, tasbihi mkononi, mimi namsomea nguruwe!"

"Nikamwambia aendelee tu," akasema Bi Ashura. "Nikasema labda malkia yuko nyuma ya banda."

Nilijitetea kiume. Nikaeleza kwamba kurasa zilizoshikana zinasomeka: unakunja kitabu kama bomba, unachungulia kwa jicho moja, unakielekeza juani.

"Na kwenye hilo bomba ukawakosa nguruwe wote?" akauliza Uledi.

"Siku hiyo kulikuwa na mawingu."

"Ametafuna na akadanganya," akasema Ta Ildefons kwa huzuni ya mtu aliyesubiri miaka minne kuisema. "Tulimwona wote."

Hapo ndipo akili yangu iliponiponza.

"Sikutafuna!" Nikatia mkono mfuko wa koti, nikaitoa buni ileile niliyoitema njiani Jumamosi ile, nzima, haina hata alama ya jino. "Hii hapa. Kwa hiyo sikuapa."

Nilitegemea makofi. Ma Alistidia aliichukua ile buni kwa vidole viwili, akaitazama kama alivyowatazama wagonjwa waliokuwa wakitema vidonge nyuma ya wodi.

"Kumbe ulijua utatudanganya kabla hujafungua mdomo."

Hakuna aliyecheka. Nikajua nimekwisha.

Hukumu haikuchukua hata dakika tano. Kwanza, riwaya nimkabidhi Bi Ashura palepale.

"Zimebaki kurasa arobaini tu! Basi niambieni, ni karani au ni mke wa nahodha?"

Nikawekwa mwisho wa foleni, nyuma ya Ta Ildefons, na kasi yake mnaijua. Yule mtakatifu mpaka leo hajatoka jangwani. Pili, nilete kibuyu cha lubisi kwa wanywaji, na kwa Uledi na mkewe birika la kahawa ya tangawizi niliyoipika kwa mkono wangu. Tatu, kila Jumamosi niwasomee barazani kitabu cha nguruwe kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kumi na saba, mpaka kiishe. Msimamizi ni Bi Ashura, aliyekisikia mara moja na hasahau neno.

Lubisi wamekunywa, kahawa wamekunywa. Leo ilikuwa Jumamosi ya tatu, nimefika ukurasa wa hamsini na nne, kuchagua dume. Nilijaribu jambo dogo tu.

"'Dume bora awe na mgongo mrefu,'" nikasoma, "'na jike alipomwona, moyo wake—'"

"Rudi," akasema Bi Ashura.

"'...awe na mgongo mrefu na miguu imara.'"

"Ahsante." Akanywa kahawa yangu, akasogea akaniinamia. "Ta Kahangwa, juzi tumekimaliza kile cha gunia. Mawe, mama wee! Yule muuaji! Ni mtu ambaye usingemdhania hata kidogo."

"Nani? Bi Ashura, nani?"

"Miguu imara," akasema. "Endelea."

Nikaendelea.