Uso wa Mkuu na Ukuta wa Ofisi

Mwavuli mweupe una huruma. Ukiuweka mbele ya taa, mwanga ukapenya kitambaa chake, mwenye makunyanzi anapungua miaka, mwenye chunusi anatakata, hata bibi harusi aliyelia usiku kucha anaonekana amelala vizuri. Ubaya wake ni kwamba hautunzi siri. Mwanga wake unamwagika kila mahali, darini, sakafuni, ukutani. Mwavuli wa fedha ni mwingine kabisa. Huo taa inautazama tumboni, nao unaurudisha mwanga kwa mtu kama kofi. Nyuma yake panabaki giza, lakini usoni kila tundu la ngozi linaitika. Upo na wa tatu, mweupe ndani, mweusi nje, unaorudisha mwanga kwa upole bila kuumwaga ovyo. Huo ndio wa watu wenye akili. Shule niliiacha darasa la nne, lakini hayo nayajua, na nimeyatanguliza ili nikieleza nilivyomtega Mkuu Fikri wa ofisi ya mtaa, asije mtu akasema nilikosea kazi. Sikukosea. Nilikusudia.

Studio yangu ya picha imepakana na ofisi ya mtaa wetu hapa Kafr el-Nakhla. Ukuta ni mmoja. Upande wao ni ukumbi wa kupokea wananchi, ambamo wananchi hawapokelewi. Upande wangu ni chumba changu cha nyuma. Katikati ya ukuta linapita bomba la choo chao cha juu, nalo limepasuka tangu enzi ya mkuu aliyetangulia, aliyepandishwa cheo kwa utendaji mzuri.

Katika chumba hicho kuna rafu ya Insaf. Insaf ni mke wangu, Mungu amrehemu. Kila Sham el-Nessim, sikukuu yetu ya machipuko, tukirudi kutoka mferejini, mikono ikinuka samaki wa chumvi na vitunguu, nilikuwa nampiga picha moja, moja tu, kwa sababu alikuwa hapendi. Mwenyewe ndiye aliyezipanga kwenye rafu, za ujana chini, za juzi juu. Watoto Mungu hakutupa. Nyumba niliiuza alipougua kifua, na sasa usiku nalala kwenye kochi ambalo mchana wanakalia wateja. Daktari hakusema ni unyevu uliomuua. Ninayesema ni mimi. Kilichobaki kwake ni zile picha, na kuvu ilikuwa imeshakula safu ya chini yote. Insaf wa miaka ishirini na kitu simwoni tena, naona madoa.

Mama Dalal, anayepika chai na kufagia pale ofisini, aliniambia mara nyingi nizipeleke kwake, ghorofa ya juu, kukavu. Nikakataa. Maji ni yao, kwa nini nihame mimi?

Nililalamika mpaka mlinzi wa mlangoni akawa ananiita Bwana Bomba. Jibu lilikuwa moja siku zote: limeshughulikiwa. Na kweli walishughulika, walipaka rangi. Doa likarudi na jamaa zake, kubwa, rangi ya chai iliyolala.

Asubuhi moja Mama Dalal akaingia na sinia lake.

"Ami Wagih! Mkuu Pasha anakuita."

"Bomba?"

"Bomba gani, wewe! Picha. Picha za wakuu wote zinakwenda kutundikwa mkoani. Leo amenyoa ndevu mara mbili."

"Mwambie nimekufa."

"Nikimwambia umekufa atasema suala limeshughulikiwa. Hebu vaa viatu, twende."

Nikavaa viatu, na nilipokuwa nafunga kamba wazo likanijia. Nikachukua taa, mwavuli mweupe na wa fedha. Ule mweusi nje nikausimamisha nyuma ya mlango, nikauacha hapo.

Mkuu Fikri ni mtu wa miaka hamsini na ushee, masharubu kayapaka rangi nyeusi, macho yana mifuko ambayo ungeweza kwenda nayo sokoni. Akanipokea kama mjomba wake.

"Ami Wagih, mtu wangu! Leo nitoe vizuri. Na ukumbi nyuma yangu uonekane, lakini usionekane sana."

"Pasha, uonekane au usionekane?"

"Uonekane kiutawala. Unanielewa. Kile kidoa kile, kiache gizani."

"Kidoa gani, Pasha? Si kilishughulikiwa?"

Akakohoa, akarekebisha tai.

Nikaanza na wa fedha. Nikampiga, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Nyuma giza tupu, ukuta hata hujui kama upo. Ila uso wake ulikuwa uking'aa kama bilingani iliyotoka kwenye mafuta, na chini ya macho vivuli viwili kama vikombe vya kahawa.

"Huyu nani huyu?" akauliza.

"Wewe, Pasha."

"Huyu ni marehemu baba yangu, tena siku ya mwisho! Unataka waweke matanga mkoani?"

"Ndivyo mwanga wa fedha ulivyo, Pasha. Unasema kweli."

"Nani kakuomba ukweli? Huna mwingine?"

Nilikuwa najibu kwamba ninao mweupe, mara Mama Dalal huyo, anahema, na mwavuli mweusi mkononi.

"Ami Wagih, umeusahau huu nyuma ya mlango!"

"Sikuusahau. Umevunjika ubavu."

"Mbona unafunguka?" Akaufungua palepale, ukajaa kama hema la matanga.

"Hata mdomo wako unafunguka, mama, na hautusaidii kitu."

Mkuu akacheka mpaka masharubu yakatikisika. Mama Dalal hakucheka. Alinitazama mimi, akautazama ukuta, akanitazama tena. Akaukunja mwavuli taratibu, akaubana kwapani, akaegemea mlango. Mwanamke yule hakuzaliwa jana.

Nikaufunga mweupe kwenye taa. "Sogea nyuma kidogo, Pasha. Zaidi. Karibu na ukuta kabisa."

"Mbona karibu hivi?"

"Mkuu husimama na ukuta wake. Ukisimama katikati ya ukumbi utaonekana mtu aliyekuja kuomba cheti."

Hilo likamwingia. Akarudi nyuma mpaka mabega yakakaribia doa, akanyanyua kidevu, akautazama mustakabali. Taa ikawaka. Mwanga ukapenya kitambaa, ukamwosha uso, ukapita mabegani, ukatua ukutani kila pembe. Kwenye kamera alikuwa bwana harusi. Mifuko ya macho imekwenda, ngozi laini, masharubu yana adabu. Na nyuma yake doa lote, toka darini mpaka sakafuni, na michirizi yake, na rangi iliyovimba, na ile sehemu ya chini yenye majani ya kijani.

"Wallahi," akasema polepole. "Wallahi huyu ndiye mimi."

"Itazame picha yote, Pasha."

"Nimeitazama."

Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Lakini wenye madaraka wanatazama picha kama wanavyotazama nchi: wanajitafuta kwanza, wakishajipata basi. Akampelekea mkewe kwa simu, mkewe akarudisha mioyo myekundu mitupu. Nikaichapa kubwa kama mlango, dereva wa ofisi akaja kuichukua, akaifunga na blanketi isikwaruzike.

Nikangoja. Insaf nilimweleza kila kitu, nikapangusa safu ya katikati, nikamwambia vumilia, safari hii nimewafunga kwa uso wao wenyewe.

Habari aliileta Mama Dalal, machozi ya kicheko yakimtoka. Mkubwa mmoja wa mkoa alipita kwenye ujia wa picha, akasimama mbele ya Fikri, akauliza: "Kijana huyu ni nani, na kwa nini amepigwa picha chooni?"

Haikwisha wiki, mafundi wakashuka mlangoni kwa gari. Watu waliopewa barua zangu hawakuja hata mmoja, aliyeona picha akaleta gari zima. Niliposikia nyundo ya kwanza kwenye ule ukuta nilikaa chini. Kisha nikaenda kununua maharage ya ful na taamia ya moto, zile bajia za maharage, na kachumbari, nikawapelekea wale mafundi na sinia la chai, sukari nyingi. Sijawahi kulisha wafanyakazi wa serikali maishani mwangu.

Siku ya pili nikaenda kuona. Walikuwa wamekwangua rangi, wamepaka lami nyeusi nene, na juu ya lami wanabandika marumaru nyeupe, moja baada ya nyingine, zimelingana kama meno ya kununua.

"Bomba mtalifungua lini?" nikamuuliza fundi wao, mtu wa mji wa Tanta.

"Bomba lipi, haji?"

"Lililopasuka. Humo ndani."

"Sisi ni watu wa marumaru, haji. Bomba hatukuambiwa. Taamia yako tamu, lakini."

Nikaingia kwa mkuu bila kubisha. Alikuwa anatazama kipande cha marumaru kwenye mwanga wa dirisha.

"Pasha, wanaziba ukuta na maji yamo ndani!"

"Agizo la mkoa limesema ukuta, Ami Wagih. Halikusema bomba. Nikiligusa bomba, wataniuliza: nani kakwambia kuna bomba?"

"Mimi nimekwambia! Miaka!"

"Wewe si mkoa," akasema, tena kwa upole.

Maji hayangoji agizo. Zamani yalikuwa yanajigawa, nusu kwao nusu kwangu, kama majirani. Sasa upande wao una lami na marumaru, yakaja kwangu yote. Plasta ikavimba, ikaanguka vipande. Maji yakawa yanatiririka nyuma ya rafu nayasikia nikiwa kochini. Safu ya katikati ikashikana picha kwa picha.

Nikarudi ofisini, viatu vimelowa, na kila nilipokanyaga kwenye sakafu yao mpya nikaacha alama.

"Ala! Nimekuhitaji," akasema Mkuu Fikri. "Njoo na ule mwavuli wa huruma. Nataka picha nyingine, na marumaru nyuma."

"Pasha, chumba changu kinaogelea."

"Na huku ni kukavu. Gusa." Akanishika mkono mwenyewe, akaubandika ukutani. Kukavu kweli, tena baridi. "Umeona? Ukuta wa serikali mkavu. Basi maji yako yanatoka kwako."

"Kwangu hakuna hata choo!"

"Hilo atalitazama mkaguzi. Nitamtuma aje aone kama studio yako haiuharibu ukuta wetu. Marumaru hii ni mali ya umma, Ami Wagih."

Mtu aliyelalamika sasa ndiye mshitakiwa. Nikatoka, na mlinzi pale mlangoni, badala ya Bwana Bomba, akaniita Bwana Mafuriko.

Mama Dalal alinikuta chumba cha nyuma, maji yanafika kifundoni, nimeikumbatia rafu kana kwamba nitaibeba yote peke yangu.

"Ule mweusi ungemtoa vizuri," akasema. "Doa lingebaki gizani, na wewe ungebaki na nusu ya maji."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja na masanduku ya nyanya. Shika huku. Huku, ami, utamwangusha mkeo!"

Tukapandisha ngazi mpaka paani kwake, mara tatu au nne, sikumbuki, na kila ghorofa alinitukana kwa jina jipya. Juu alikuwa ameanika bamia kwenye shuka. Akazisukuma pembeni kwa mguu, tukaanza kuzitandaza picha moja moja kwenye jua. Nyingi zilikuwa zimeshikana. Niliipachua moja kwa ukucha, taratibu nilivyoweza, uso ukabaki kwenye mgongo wa mwenzake. Ya pili ikatoka na nywele tu. Mama Dalal akaninyang'anya.

"Acha! Loweka kwanza kwenye maji safi, ndipo uzipachue. Hata unga wa majani ya mlokhiya ukishikana sivuti hivyo."

"Maji tena?"

"Ndiyo, maji. Haya hayakutoka chooni."

Mfukoni simu yangu ililia, jina la ofisi. Ikalia mpaka ikachoka, ikaanza tena. Mama Dalal alileta karai, akainamia kazi, hakuniuliza kama nitapokea. Tukaloweka, tukapachua, tukatandaza. Zilizokwisha kuharibika tukaziweka upande, zikawa kifurushi kikubwa kuliko nilivyotaka.

"Hii nzima," akasema baadaye.

Akanipa. Ilikuwa nzima kweli, uso wote wa Insaf, na lile pengo la jino alilokuwa akiliziba kwa mkono kila nikinyanyua kamera. Siku ile hakuwahi kuliziba. Nikailaza kwenye jua pamoja na nyingine, nikatafuta kipande cha tofali, nikaibana pembeni kabisa, pasipofika usoni.